Lushoto kwa Miguu

Maneno niliyowaambia wageni wetu kutoka Dar es Salaam, Alhamisi jioni, siku ya kwanza ya ziara yao

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana, poleni na safari, karibuni sana Lushoto.

Nimewaona mlivyoshuka kwenye basi. Kila mmoja alikunja mikono kifuani kabla hata hajampa mwenyeji mkono. Baridi hii ni ya kawaida kwetu. Huu ni mwezi wa saba, na usiku nyuzi zinaweza kushuka chini ya 10. Sogeeni karibu na moto, kunyweni chai ya tangawizi. Wale ambao kona za kutoka Mombo ziliwachafua tumbo, hilo nalo litapita kufikia asubuhi. Zile ni kilomita 33 tu za lami, lakini ndani yake mmepanda karibu mita 1,000. Mombo mliacha watu wamevua mashati, hapa mmekuta watoto wamevaa masweta, na katikati hamkuchukua hata saa mbili. Mwili unahitaji usiku mmoja wa kuamini kwamba umefika.

Mwenyekiti wa kikundi chenu amenipa orodha. Ameiandika kwa mkono, vizuri kabisa: Irente, Magamba, Mlalo, Mtae, Vuga, Soni, Sakarani, Bumbuli, soko, mashamba ya chai. Siku tatu. Mwenyekiti, nakushukuru kwa dhati, maana umeisoma Lushoto kabla ya kuja. Ila usiku huu naomba ruhusa niikate nusu. Tukiifuata yote, mtaiona milima kwa kupitia dirisha la basi, na kwa dirisha la basi milima yetu ni kona na vumbi. Kutoka hapa hadi Mtae peke yake ni karibu siku nzima kwenda na kurudi. Mtakaa kwenye viti mlivyovikalia leo.

Mimi nimeongoza wageni hapa miaka 22. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mama mmoja kutoka Tanga mjini. Tulipanga kwenda mbali, lakini goti likamuuma, tukaishia kijiji cha kwanza. Pale akamkuta mama mwenyeji anapukuchua maharage barazani. Akaketi, akachukua ungo, wakapukuchua pamoja hadi jua likateremka. Mimi nilikuwa kijana, nikaona siku yangu imeharibika, nikaomba radhi njia nzima ya kurudi. Wale wanawake wawili hadi leo wanapigiana simu. Kila Idi kuna kikapu cha viazi kinachoshuka Tanga na kikapu cha nazi kinachopanda huku. Tangu siku ile, mgeni akiniuliza Lushoto kuna nini cha kuona, namwambia kwanza avae viatu vya kutembelea.

Sasa niwaeleze tutakakokwenda, na kwa nini.

Kesho ni Ijumaa. Asubuhi tutazunguka mjini polepole. Mji wenyewe ni mdogo: soko, kituo cha mabasi, kijito kinachopita katikati, misikiti, makanisa, na majengo ya zamani ya Wajerumani ambayo mengine bado ni ofisi za serikali. Wao waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Joto la pwani na malaria viliwashinda, wakatafuta mahali ambapo mzungu angeweza kulala usingizi. Jina lao halikudumu. Miti waliyoipanda kandokando ya barabara imedumu, na kuanzia hapo hadi leo Lushoto imekuwa mji wa ofisi, shule na vyuo. Mahakimu wengi wa nchi hii wamesomea hapa, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Ndiyo maana mtakuta mji wa mlimani wenye utulivu wa watu wanaosoma.

Wanaoswali wataswali msikiti wa mjini, kisha saa nane tutaanza safari ya Irente. Ni kama kilomita 5 au 6, na tutakwenda kwa miguu. Wazee wenye magoti mabovu watapanda gari, msione haya. Kwanza tutapita shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza jibini, jemu na mkate wa shayiri nyeusi. Ninyi watu wa pwani huenda mkaukuta mkate huo mgumu. Tafuneni taratibu na jibini lao, mtaelewa. Pale pale jirani kuna nyumba ya kulelea watoto yatima, na fedha mnayoiacha kwenye duka la shamba inasaidia kazi hizo za kanisa. Nunueni, hata kama ni chupa moja ya jemu.

Kisha tutasogea hadi ukingoni mwenyewe, kwenye jiwe la Irente. Nimechagua jioni kwa sababu jua linazamia upande ule. Nawaomba vijana, tafadhali sana, msikimbilie ukingoni kupiga picha. Chini yenu ardhi imekatika ghafla hadi tambarare, na jiwe likiwa na umande linateleza. Kaeni chini kwanza. Mtaona mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, reli ambayo Wajerumani waliifikisha Mombo mwaka 1905, na hewa ikiwa safi, milima ya Upare upande wa kulia.

Pale jiweni ndipo lugha yetu inapoeleweka. Sisi Wasambaa tunagawa dunia mara mbili. Huku juu, penye migomba, ukungu na maji, ni Shambaai. Kule chini, penye joto na miiba, ni nyika. Mtu wa zamani hakuwa na haja ya ramani. Alitazama majani tu akajua yuko kwake au yuko ugenini. Nyumba zilijengwa mgongoni mwa kilima, migomba ikazizunguka, na mashamba yakateremka pande zote mbili. Ukisimama Irente unauona mpaka huo kwa macho, kama mtu aliyeuchora kwa kisu.

Kijiji kile mtakachokiona chini kinaitwa Mazinde. Kikumbukeni, kwa sababu Jumapili, tukiwa Vuga, nitawarudisha pale kwa hadithi.

Jumamosi ni siku ya msitu. Nawaomba msiile siku hii kwa kitu kingine chochote. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba iko juu kidogo ya mji, ina zaidi ya hekta 9,000, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Vibali tutalipia pale pale, na mtapewa stakabadhi. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya, unapita Upare, Usambara, Uluguru, hadi Udzungwa. Wataalamu wanaeleza kwamba misitu hii ilibaki na unyevu wa bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, hata wakati sehemu nyingine za Afrika zilipokauka. Viumbe vikafungiwa humu kama watu kisiwani, vikawa vya aina yake. Kuna ndege, vyura, vinyonga na maua ambavyo havipatikani penginepo duniani.

Mtembee kimya. Najua ni vigumu kwa kundi la watu 40, kwa hiyo tutagawanyika mara nne, na kila kundi litakuwa na kijana wetu mmoja wa kuongoza. Mkiwa kimya mtawasikia mbega kabla ya kuwaona. Wanaruka juu na ile mikia yao mirefu myeupe, matawi yanapasuka kama vibiriti. Mtaona miti ya mkulo, ambayo ukikwangua gome lake unapata harufu kali ya karafuu maiti. Msikwangue. Mtangulizi wenu alishakwangua, ninyi nuseni hapo hapo. Mtaona makangaga yaliyorefuka hadi kuwa kama minazi midogo. Na penye mawe yenye kivuli na maji yanayodondoka, nitawaonyesha mahali panapopendwa na ua dogo la rangi ya zambarau.

Ua hilo lina habari ndefu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika milima hii ya Usambara, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Wataalamu wakalipa jina la familia yake, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, watu wanaliweka madirishani Ulaya na Marekani, na Wajerumani hadi sasa wanaliita ua la Usambara. Mamilioni ya vyungu vina jina la kwetu. Lakini muulizeni mtoto wa shule hapa Lushoto kama ameshaliona ua hilo likiwa jiweni, msituni. Wengi hawajaliona. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu kila mwaka nachukua darasa moja la watoto nakwenda nao bure. Mtoto akishaliona hawezi kulichoma moto.

Halafu kuna kinyonga. Najua. Nusu yenu mmeshashtuka. Mimi pia nililelewa nikiambiwa kinyonga ni mkosi, ukimgusa utapata shida, na tulikuwa tukimpiga mawe. Kazi hii ndiyo iliyonifundisha kumtazama. Usambara ina vinyonga wenye pembe mbili puani, wengine wana rangi ya kijani na bluu kama kitambaa cha kanga mpya. Mwaka 2006 wanasayansi walipotenga kundi lao wakaliita Kinyongia. Sikilizeni jina hilo. Ni neno letu. Kila mwanachuo popote duniani anayesoma habari za wanyama hawa anatamka Kiswahili. Basi Jumamosi nitawaomba mtu mmoja mmoja asogee, atazame, asimguse. Na mkikutana na watoto barabarani wamemshika kwenye kijiti wanawauzia picha, msiwape fedha. Waambieni kwa upole wamrudishe mtini. Mkilipa leo, kesho watamkamata mwingine, na anayeshikwashikwa hivyo haishi muda mrefu.

Juu zaidi ya Magamba, kwenda Shume, kulikuwa na mierezi mikubwa. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walinyoosha waya wa chuma wa karibu kilomita 9 kutoka juu hadi Mkumbara, kwenye reli, mbao zikateremka angani juu ya vichwa vya watu. Hatutafika huko safari hii, lakini mkiona mahali ambapo misindano imepandwa kwa mistari, jueni kwamba kabla yake palikuwa na msitu mwingine.

Jumapili. Wanaosali watakwenda kanisani asubuhi, na wengine tutakutana sokoni. Alhamisi na Jumapili ndizo siku kubwa za soko la Lushoto; leo mmelipita likiwa linafungwa. Hapa ndipo nyumbani kwa mboga mnazokula. Karoti, kabichi, viazi, hoho, sehemu kubwa inayoshuka Kariakoo na Ilala inatoka mashamba ya huku, inapakiwa jioni na kusafiri usiku kucha. Mtakutana na mama aliyebeba tenga kichwani tangu kijijini, saa mbili kwa miguu. Nawaomba kitu kimoja. Msimpunguzie bei kama mnavyompunguzia mchuuzi wa Dar. Mchuuzi wa mjini ameweka faida yake juu. Huyu mama bei anayoitaja ndiyo jasho lenyewe. Kama ni bei ya haki, lipeni, na mwongeze maneno mawili ya kumuuliza habari za shamba. Plamu na pichesi hamtazikuta sasa. Anayezitaka arudi Desemba au Januari, atazikuta zimejaa ndoo barabarani kutoka Soni hadi hapa.

Kutoka sokoni, walio tayari kwa gari tutakwenda Vuga. Siyo kwa sababu kuna jengo la kushangaza. Jengo hakuna. Kuna kilima, migomba, na watu wanaoishi kwa amani. Lakini pale palikuwa mji mkuu wa ufalme, na hadithi yake mimi siwezi kuwasimulia kwenye kiti hiki kama nitakavyowasimulia mkiwa mmesimama juu yake. Nitawapa mwanzo tu.

Kulikuwa na mwindaji anaitwa Mbegha, mtu wa Ungulu. Alizaliwa na meno ya juu yakatangulia kuota. Ninyi watu wa pwani mnajua neno lake: kigego. Ndugu zake wakamwona mkosi, wakamnyima urithi, akatoka na mbwa wake na mikuki yake akaishi porini. Alipopanda milima hii akakuta watu wanasumbuliwa na nguruwe mwitu mashambani. Akawaua nguruwe. Nyama hakuiuza wala hakuificha, aligawa, na wenyeji wakampa unga na vyakula vya shambani. Kijiji kikaambia kijiji. Wakamwita Vuga, na njiani usiku mmoja akaua simba. Asubuhi watu wakaona ngozi, wakamwita Simba Mwene, wakampa nchi. Watoto wake ndio Wakilindi, waliotawala Usambara hadi wakoloni walipofika.

Nimekuwa nikiitafakari hadithi hii miaka mingi. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya meno alipewa nchi na wageni kwa sababu aliwalindia mashamba na akagawa nyama. Wazee wetu wana maneno mawili ambayo mkiyachukua mtakuwa mmeichukua Lushoto. La kwanza ni kuzifya shi. Shi ni nchi, ardhi. Kuzifya ni kutengeneza, kuponya. La pili ni kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme akiwa na nguvu na watu wakielewana, mvua inanyesha kwa wakati na ndizi zinajaa. Hapo nchi imezifywa. Watawala wakigombana, jua linachoma na njaa inaingia, nchi imebanwa. Mfalme aliwajibika kwa mvua. Hebu fikirini uzito wa kazi hiyo.

Na hapa ndipo Mazinde inapoingia. Mfalme mkubwa kuliko wote alikuwa Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848, akakuta utawala unaofika hadi pwani. Kimweri alipofariki, mnamo 1862, ugomvi wa urithi ukaanza. Mwanawe mmoja, Semboja, aliacha milima akakaa Mazinde, kule nyikani, kwenye njia ya misafara. Kule kulikuwa na bunduki, na bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Wasambaa wakauzwa na watawala wao wenyewe. Wazee wakiusimulia wakati ule sauti zao zinashuka. Kesho mkikaa juu ya jiwe la Irente, mkiwa mmetulia na upepo mzuri, nawaomba muitazame Mazinde mkikumbuka kwamba kutoka pale uzuri wa mlima huu ulikaribia kumalizika.

Tukirudi kutoka Vuga tutasimama kwenye mashamba. Wageni wengi wanapiga picha ya mashamba yetu kama pambo: ngazi za kijani zinazoteremka hadi mtoni. Nataka mjue ngazi zile zilikujaje, kwa maana mimi mwenyewe zimenilea.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Mlalo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha kule mpango wa kuokoa udongo. Wazo halikuwa baya, udongo ulikuwa unaondoka kweli. Lakini walikuja kwa amri. Kila nyumba ilipangiwa matuta ya kulima kwenye miteremko mikali, kwa jembe la mkono, na waliokuwa wakilima ni wanawake. Asiyelima alipigwa faini. Bibi alisema udongo wa juu ulikuwa mwembamba kama blanketi la maskini, na matuta yale yakaugeuza chini juu. Watu wakaona hii ni kubana shi, wakakataa, na hasira ile ikawapeleka wengi TANU. Ilipofika 1957 mpango ukaachwa.

Miaka ikapita. Mimi nikiwa darasa la tatu, masika moja ilinyesha siku tano bila kukoma. Usiku wa tano tulisikia mlio, siyo wa radi, ni kama gari kubwa linamwaga kokoto. Asubuhi shamba la baba la maharage halikuwepo. Lilikuwa limeteremka lote hadi bondeni, limebaki jiwe jekundu. Baba hakusema kitu. Alikwenda akakaa ukingoni, akakaa hadi mchana. Lakini shamba la jirani, mteremko uleule, lilikuwa limebaki. Jirani alikuwa amekubali kupanda mistari ya majani ya guatemala kukata mteremko, na miti ya migrivea juu yake, kama alivyoshauriwa na maofisa wa mradi wa hifadhi ya udongo ulioanza hapa Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani. Mradi ule haukuja na faini. Majani yale yanazuia udongo, na yanakatwa kulisha ng'ombe wa zizini, na ng'ombe anatoa mbolea inayorudi shambani. Mama akapata maziwa. Baba akaenda kwa jirani kuomba vipande vya majani ya kupanda, na mimi ndiye niliyevibeba kichwani.

Basi mkiona ngazi zile, kila mstari wa majani mnaouona kuna mtu aliyeinama kuupanda. Tutasimama kwenye shamba moja, mwenyewe nimeshaongea naye, amekubali. Anayetaka kushika jembe atapewa jembe. Wazee wangu mtapata kiti na muwa.

Yaliyobaki kwenye orodha ya mwenyekiti nitayasema kwa haraka. Sakarani, kwa wamonaki Wabenedikto karibu na Soni, tutapita Jumatatu tukishuka; wana divai na makadamia. Maporomoko ya Soni yako kandokando ya barabara, tutasimama nusu saa. Bumbuli na chai yake, safari nyingine. Mlalo, na zile nyumba zake za ghorofa za udongo zenye roshani za mbao, nawaomba msiiendee kwa saa mbili, mwiendee kwa siku mbili. Mto Umba unaokwenda kutokea Vanga, mpakani kule pwani, unaanzia misitu ya upande huo. Watu wa pwani mna haki ya kwenda kuona maji yenu yanakotoka.

Na vijana, nimewasikia njiani mkiulizana habari za Mtae. Kuna njia ya miguu kutoka hapa, kupitia Magamba, Lukozi, na Rangwi ambako masista wanapokea wageni, hadi Mambo na Mtae. Watu huimaliza kwa siku tatu hadi tano, wakilala vijijini. Mtae iko mwishoni kabisa mwa milima. Umesimama juu ya pua ya jiwe, nyika iko pande tatu, Hifadhi ya wanyama ya Mkomazi iko chini yako, na asubuhi hewa ikiwa safi unaweza kuuona Kilimanjaro kwa mbali. Jikusanyeni sita au wanane, mje mwezi wa tisa kabla ya vuli, nitawatembeza mimi mwenyewe. Msije masika. Njia zinakatika.

Mambo machache ya adabu, kisha nawaacha mle.

Huku watu wanasalimiana. Hata msiyemfahamu, hata mkipishana kwenye njia nyembamba naye amebeba kuni. Asubuhi mwambieni onga makeo, mchana onga mshi. Hata mkikosea matamshi atafurahi, na Kiswahili anakijua vizuri kama ninyi. Msipite mtu kimya. Kabla ya kumpiga mtu picha, mwombeni. Watoto wakiwaomba fedha au peremende, wapeni salamu na mazungumzo. Mwenye nia ya kusaidia tutampeleka shuleni kwa mwalimu mkuu, atoe madaftari mahali yatakapogawiwa sawa. Dada zetu na kaka zetu, vijijini vaeni nguo za heshima, wenyeji wetu ni watu wa dini. Na chupa za maji mlizokuja nazo mrudi nazo. Sina kijito hata kimoja cha kuwapa kiwe jalala.

Tafadhali pia msitembee msituni bila mwenyeji. Ukungu ukishuka, hata mimi nasimama nikasubiri.

Chakula ni ndizi za kupika kwa nyama na maharage mabichi, na kachumbari ya karoti ya leo leo. Blanketi ni mawili kila kitanda. Mwenye kuhitaji la tatu amwambie dada wa mapokezi sasa hivi, kabla hajafunga stoo saa nne. Wazee wanaotaka maji ya moto ya kuoga asubuhi waseme usiku huu ili kuni ziwekwe.

Kesho uji utakuwa tayari saa moja. Atakayeamka saa kumi na mbili na nusu atoke hapa barazani, atazame upande wa bonde. Ukungu unakuwa umelala chini, na vilele vinatokeza juu yake kimoja kimoja, na majogoo yanasikika kutoka vijiji ambavyo bado huvioni. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kile kibao cha pale getini. Njooni na sweta.